Kazi Tano za Ini

Jumatatu, 24 Februari

Nimechapa karatasi saba za mtihani leo. Historia, Uraia, Jiografia, Fizikia, Kemia, Hisabati, Biolojia. Zote kwa Kiingereza, zote kwa miandiko ya walimu ambao sijui nani aliwafundisha kushika kalamu. Tona ya printa iliisha kwenye Kemia. Nimeitoa, nimeitikisa, ikaendelea.

Mtihani wa majaribio wa kidato cha pili unaanza kesho kutwa. Mkuu wa shule anataka kujua nani anafaa kabla majina hayajapelekwa kwa ajili ya upimaji wa taifa.

Swali la tisa la Biolojia limenisimamisha. Alama kumi na tano. Mwalimu Novatus anataka kazi tano za ini katika mwili wa binadamu. Ini kwa Kiingereza ni liver. Yeye kaandika lever. Hiyo ni wenzo, ile ya kwenye Fizikia: mtarimbo, toroli, kifungulio cha soda. Herufi moja tu.

Nimempelekea karatasi ofisini kwake. Hakuinua hata kichwa. "Madam Adela, wewe chapa kilichoandikwa. Biolojia ina wenyewe."

Nimechapa kilichoandikwa.

Jumatano, 26 Februari

Wamefanya Biolojia asubuhi. Nilipita dirishani nikipeleka karatasi za ziada. Nyuso za watoto kwenye lile swali. Wengine wanaangalia dari. Hakuna aliyeuliza, maana kuuliza ni lazima kwa Kiingereza na ukikosea unapigishwa magoti.

Nilipaswa kwenda kwa Mkuu Jumatatu ileile. Sikwenda. Niliogopa kuonekana mjuaji. Mimi ni katibu muhtasi, cheti changu cha kidato cha nne kina F ya Kiingereza. Lakini miaka kumi na moja ya kuchapa lugha ya watu, unaifahamu tahajia yake kuliko wao.

Ijumaa, 28 Februari

Naingiza alama kwenye kompyuta. Wanafunzi sitini na mmoja. Swali la tisa: wengi wameacha wazi. Wachache wamekariri kazi za ini na kuzimwaga pale bila kusoma swali. Hao wamepata. Waliosoma swali wakaandika mambo ya toroli wamepata sifuri.

Halafu nimefika kwa Georgina. Huyu ni binti wa Ngenge, Muleba, anakaa bweni. Mpole, hulifunika daftari lake kwa gazeti. Ameandika nusu ukurasa. Kiingereza chake kinachechemea lakini kinafika. Kasema mwili wa mtu una nyenzo. Mkono ukiinua mkungu wa ndizi, kiwiko ni egemeo, msuli ndio unaovuta. Taya linapotafuna. Kichwa juu ya shingo. Mguu ukisimama kwa vidole. Mgongo unapoinama kulima. Tano. Kachora na mkono, na mishale.

Sifuri. Kwa wino mwekundu, na alama mbili za mshangao.

Jumla yake ya Biolojia ni ishirini na nne. Mstari wa Mkuu ni thelathini kwa kila somo.

Nimemwonyesha mwalimu wa Fizikia. Kasoma, kacheka peke yake kwa furaha, kasema angempa zote kumi na tano. Kisha akaniomba nisimtaje.

Nimekasirika. Nimelitolea jibu lake nakala, nikaiweka mkobani.

Jumatatu, 3 Machi

Novatus amesoma jibu la Georgina mbele ya darasa. Kwa sauti. Kawaigizia anavyoinua mkungu. Darasa zima likaangua kicheko. Saa nne wakati wa uji, watoto wanamwita Kiwiko. Kiwiko njoo, Kiwiko pokea kikombe.

Hakunywa uji.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Misa ya asubuhi, kisha kikao cha wazazi wa walio chini ya thelathini. Kumi na wawili. Mimi naandika muhtasari.

Mkuu kaongea Kiingereza nusu saa nzima. Kwa wakulima. Watu wametoka Ngenge, wametoka Kamachumu, wamevaa nguo zao za kanisani, wana majivu kwenye paji la uso, wanatikisa kichwa kukubali wasichokijua. Mwishoni ndipo akafupisha kwa Kiswahili: watoto hawa hawawezi Kiingereza, kwa hiyo hawawezi masomo. Warudie kidato cha kwanza au watafutiwe shule nyingine.

Mama yake Georgina akasimama. Mwanamke mwembamba, kanga mbili, akaanza kwa heshima ya Kihaya. "Waitu Mkuu, huyu mtoto nyumbani ndiye anayetusomea hata maandishi ya dawa za mimea. Ameshindwa nini?"

Mkuu akamtazama Novatus. Novatus akasema kwa Kiswahili, akitabasamu: "Mama, nimemuuliza habari za ini, yeye ananijibu habari za kulima."

Wazazi wengine wakacheka kidogo, ile ya adabu. Mama akakaa.

Sijui nini kilinisukuma. Nimeweka kalamu chini, nikasema: "Hakumuuliza ini. Swali limekosewa. Mtoto amejibu kilichoulizwa."

Wazazi wote wakanitazama.

Novatus akageuka taratibu. "Kama limekosewa, Madam, basi umekosea wewe. Wewe ndiye mchapaji."

Mkuu akafunga kikao. Mama yake Georgina ameondoka na binti yake, na godoro kichwani.

Alhamisi, 6 Machi

Barua mezani kwangu. Natakiwa nijieleze kwa maandishi ndani ya siku mbili kwa nini nisichukuliwe hatua. Kuharibu mtihani. Kuidhalilisha shule mbele ya wazazi. Aya ya mwisho: maelezo yaandikwe kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya shule.

Barua yenyewe niliichapa mimi. Mkuu aliniletea imeandikwa kwa mkono, akasimama mlangoni nikichapa. Nimechapa adhabu yangu, nikaipiga muhuri, nikaipokea. "Sahihi hapa, Madam," kasema Mkuu.

Nyumbani sikupika. Nilikula ndizi za jana. Dada amepiga simu kutoka Buhembe, akaniambia niombe radhi yaishe. Nimemkatia. Nimwombe radhi nani? Kwa lipi?

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika maelezo. Kwa Kiswahili. Mistari minne. Nimeambatanisha karatasi ya Novatus aliyoniletea Februari, mwandiko wake, wino wake wa bluu. Karatasi za walimu hukaa kabatini mpaka matokeo yatoke, na ufunguo ninao mimi. L, e, v, e, r. Hata kipofu angepapasa akaisoma.

Mkuu aliitazama muda mrefu. Akamwita Novatus. Novatus kasema ilikuwa haraka, alikuwa na vipindi sita siku ile. Namwamini. Vipindi sita ni vingi. Ila nilimpelekea karatasi mkononi na hakuinua kichwa. Hilo silisamehe leo.

Uamuzi: kila mwanafunzi apewe alama zote kumi na tano za swali la tisa. Georgina sasa ana thelathini na tisa. Tisa kati ya wale kumi na wawili wamevuka.

Nilitakiwa nifurahi. Aliyeacha wazi, aliyekariri na aliyejibu sawasawa, wote kumi na tano. Na barua yangu inabaki kwenye faili. Mkuu kasema ni ya lugha niliyotumia, si ya mtihani. Hakuna atakayeingia darasani kuwaambia watoto kwamba walimcheka mwenzao bure. Nimeuliza. Mkuu kasema tusichimbe yaliyopita.

Jumanne, 11 Machi

Wanane wamerudi. Georgina hajarudi. Simu ya mama yake haipatikani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda Ngenge. Basi hadi Muleba, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Nimemkuta mama shambani anapalilia maharage, Georgina mstari wa pili. Mama akanifuta vumbi begani kwa kanga yake kabla hata ya salamu. Wameniwekea ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, sikuruhusiwa kuongea kabla sijala.

Nikawaambia. Alama zimerekebishwa, nafasi ipo, Jumatatu aje.

Georgina akauliza: "Madam, kwa hiyo nilipata?"

"Ulipata yote."

"Mwalimu amesema hivyo?"

Nikashindwa kudanganya. Nikamwambia mwalimu hajasema. Wote wamepewa.

Akatazama maharage. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesoma: "Basi hawajui kama nilipata."

Mama yake akaomba nimweleze kwa Kiswahili mtoto aliandika nini. Nakala nilikuwa nayo. Nimesoma taratibu, nikitafsiri. Kiwiko, taya, shingo, vidole, mgongo. Mama alikuwa ameshika jembe. Akalinyanyua, akalishusha, akautazama mkono wake mwenyewe. Akasema kwa Kihaya jambo ambalo sitaliandika hapa kuhusu Mwalimu Novatus.

Tumecheka wote watatu. Kisha Georgina akalia.

Hatarudi. Atamalizia shule ya kata, saa moja kwa miguu kutoka nyumbani. Nimemsihi. Nimeahidi kumsimamia mimi. Kasema: "Madam, wewe uko ofisini. Darasani nitakuwa peke yangu." Mama hakumlazimisha. Wakati wa kuondoka nikakumbuka kuuliza kama huko kuna mwalimu wa Biolojia. Mama kasema hawana tangu mwaka jana. Wa Fizikia ndiye anayejaribu.

Njia nzima kurudi nilikuwa na hasira, na sikujua tena ni ya nani. Nyingine ilikuwa yangu mwenyewe, ya ile Jumatatu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Umeme umekatika mara mbili.

Nimechapa barua ya uhamisho ya Georgina. Mkuu kasaini bila kuisoma, alikuwa kwenye simu. Novatus amepita mlangoni, akasimama, akauliza kama ni ya yule binti. Nikasema ndiyo. Akaenda, akarudi na daftari lake la maandalio ya Biolojia ya kidato cha pili, akaliweka mezani. "Mtolee nakala," kasema. Radhi hakuomba, nami sikumsaidia kuitafuta.

Kurasa arobaini na mbili. Zitaondoka na basi la kesho asubuhi, bahasha moja na barua.

Nimezisoma zote kabla ya kufunga, herufi kwa herufi.