Jina la Fundi Uliloniuliza

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu zangu zikufikie huko kambini, zikukute umepona kile kikohozi cha vumbi la kokoto na kifua kimekuwa chepesi. Soksi nzito nilizokutumia zilifika, au kuna mkubwa wa kambi anazivaa? Sisi huku hatujambo. Baba yu mzima, ila masikio yake yanazidi kwenda likizo, na mikono ndiyo hivyo, akishika kikombe nusu ya chai inaishia kwenye sahani. Mimi nimekonda kidogo, na sababu utaiona humu ndani.

Barua yako ya maneno manne nimeipata. "Dada, nitajie jina lake." Shangazi wa mkeo naye ameniambia kwamba mwisho wa mwezi unakwenda kwao kuvunja ndoa, na unachongoja ni jina tu la huyo fundi anayeingia nyumbani kwetu mimi nikiwa kazini. Jina nitakutajia. Ila nakuomba usirukie chini. Soma kwa mpangilio, kama mambo yalivyonijia, maana ukianzia mwishoni hutaelewa nilifikaje huko.

Unajua kazi yangu. Miaka kumi na minane ndani ya bohari ya hospitali inamfundisha mtu kushuku hata kivuli chake. Boksi moja la glovu likipungua simwulizi mtu, natazama nani ametembea kimya kuliko jana. Na unajua pia mchezo wangu wa Jumamosi na Jumapili, ule wa waya na bodi, ambao Baba alikuwa anautia kwenye damu yetu tangu tuko wadogo tukimshikia koroboi akitengeneza redio za watu. Wewe ulikimbilia kokoto, mimi nikabaki na chuma cha kuchomea risasi, ile ya kuungia waya. Baba mwenyewe nilimwapisha asikiguse tena, tangu siku ile mkono ulipomtetemeka akaunguza kitambaa cha meza pamoja na kiganja chake. Aliapa, na tangu hapo vifaa vyangu vyote naviweka kwenye sanduku lenye kufuli. Ufunguo unaning'inia nyuma ya kalenda, na tuliojua ni wawili tu, mimi na wifi.

Basi mwaka huu nikaamua kumtengenezea Baba amplifaya ya redio yake, asikilize taarifa ya habari kama mtu, asiendelee kubandika sikio kwenye spika kama anayenong'onezwa siri. Nikanunua transfoma ya volti kumi na mbili, dayodi nne, kapasita kubwa, kile kikopo cha kutunza umeme, ya volti kumi na sita ili nibaki na ziada, nikaunganisha. Ikaimba siku tatu. Siku ya nne ikaanza kunguruma, ya tano ikanyamaza. Kufungua, kapasita imevimba kichwa. Nikaweka nyingine, ikavimba. Nikaweka ya tatu, yale yale.

Nikaenda kumvaa muuza vifaa wa pale kona, yule tunayemwita Hakuna-Kurudisha kwa sababu ya kibao chake. Nikamwambia anauza feki. Akaniuliza kama nimesoma vizuri kilichoandikwa ubavuni, nami nikamjibu kwamba kusoma nilianza yeye hajazaliwa. Nikanunua nyingine mbili palepale na kwenda zangu. Kufika nyumbani nikazitia kila moja nukta nyekundu ya rangi ya kucha, ili kama kuna mtu anayenibadilishia vitu vizima kwa vibovu, nimkamate.

Nikafunga moja, na mara hii amplifaya haikufa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, sauti safi, haingurumi hata kidogo. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akalala. Mimi nikaanza kukosa raha, maana sijawahi kuona kitu kinachojiponya chenyewe. Jumapili moja wifi alipotoka kwenda kusaga nafaka, nikafungua kasha. Ndani nikakuta kapasita nene ya buluu, haina nukta yangu. Na viungo vya risasi, mdogo wangu! Vyangu mimi huwa mabonge, kama maji ya mshumaa. Hivi vilikuwa vidogo, vinang'aa, vimekaa sawasawa. Kila mchomeaji ana mwandiko wake, Baba ndivyo alivyotufundisha, na huu haukuwa wangu.

Kuanzia hapo kila nilichokiona kilikuwa ushahidi. Nikirudi kazini nasikia harufu ya risasi iliyoyeyuka. Nakuta viti viwili kwenye meza yangu, na mimi nilikuwa nimeacha kimoja. Wifi ana plasta kidoleni, nikimuuliza anasema sufuria. Baba anacheka peke yake kama aliyeahidiwa safari. Nikarudi kwa Hakuna-Kurudisha, safari hii kwa upole, akanieleza kwamba ndiyo, mwanamke wa kwetu alikuja na karatasi, akataka kapasita ya volti thelathini na tano, si chini ya hapo. Akaongeza kwamba aliyemtuma mama yule anaijua kazi. Maneno hayo yalinichoma hadi kwenye mfupa. Nikajiambia dalili ya mvua ni mawingu, kuna fundi, na fundi huyo anakaa kwenye kiti changu, na mwenye mke yuko mbali anavunja mawe.

Nilimuuliza wifi jikoni, na sikuuliza kwa adabu. Nilitaka anitajie aliyefungua sanduku langu. Alisimama na mwiko mkononi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kifaa kimepona, na Baba anasikia, sasa mimi nataka nini zaidi. Nikaona huo ni ufedhuli wa mtu aliyeshikwa. Siku hiyohiyo nikakuandikia barua unayoijua, ile niliyoianza na kikulacho ki nguoni mwako. Ukampigia simu, sijui ulimwambia nini, ila nilimwona akikaa chini sakafuni na simu bado iko sikioni. Kesho yake alifunga begi moja. Alimwinamia Baba, akamsemesha sikioni, Baba akatabasamu na kumpungia mkono. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono kama askari wa zamu.

Sasa nifike Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nafagia, nikaivuta amplifaya, ikakatika sauti. Nikafungua, nikapima na mita huku na huku, nikachoma pasipohitaji kuchomwa. Baba alinitazama kutoka kwenye kiti chake, mwishowe akaniambia niiache tu, mwanawe akirudi kutoka kumuuguza mama yake ataishika yeye, kwa kuwa yeye ana mkono. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikainama nikamuuliza sikioni mwanao yupi, na mkono gani. Akanywea kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kisha akanyoosha kidole kitandani kwake, chini ya godoro.

Nilitoa kibao na daftari. Kibao kimejaa viungo vya risasi, safu kwa safu, pengine mia mbili. Safu za mwanzo zinatia huruma, mbaya hata kuliko zangu. Vya safu za mwisho ni vilevile nilivyoviona ndani ya kasha, vidogo na vinang'aa. Daftari lina mwandiko wa mkeo, akiandika aliyotamkiwa na Baba. Kwamba transfoma ya volti kumi na mbili ukishaipitisha kwenye dayodi, umeme unaokwenda kwenye kapasita hupanda hadi kumi na saba, kwa hiyo anayeweka kapasita ya kumi na sita anaichinja kwa mkono wake. Kwamba anayechagua kifaa achague kwa siku mbaya, asichague kwa siku nzuri. Na pembeni, kwa herufi ndogo: "Dada asijue. Baba anasema ameipenda sana kazi hii, akiambiwa amekosea ataiacha."

Baba alijitetea kwamba hakuvunja kiapo. Aliniapia mikono, na mikono yake haikugusa kitu, mdomo sikumwapisha. Alitumia mdomo wake na mikono ya mkwewe, miezi mitano, mimi nikiwa bohari nahesabu glovu. Nilipogombana na wifi jikoni hakusikia hata neno. Anajua kwamba wifi kaenda kumuuguza mama yake, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa sikioni siku ile.

Kwa hiyo jina ni hili. Fundi anayeingia nyumbani kwetu nikiwa kazini ni mke wako. Hakuna mwingine.

Na sasa lile linalonikaba. Nilikuandikia kwamba nimemwona kwa macho yangu mwanamume wa shati la kijani akitokea mlango wa uani. Mdogo wangu, sikumwona mtu. Niliona kapasita ya buluu tu. Shati la kijani nilikaa mezani nikalitunga, kwa sababu nilipoisoma barua yangu bila shati niliona nyepesi, na niliogopa hutaniamini. Sikulifikiria hata dakika mbili. Na nisiseme ni kazi ya bohari iliyonifanya hivyo. Ilikuwa wivu. Nilimsikia Baba akicheka tangu nje ya mlango, kicheko ambacho mimi sijakipata tangu Mama afariki, na nilipoingia wakanyamaza wote wawili. Ningekuja kukuambia kwa simu, lakini uongo niliuandika kwa kalamu, na kuufuta niliona niufute kwa kalamu, uwe nao mkononi, umwonyeshe umtakaye.

Jumapili nilikwenda kwa shangazi yake, alikohamia. Nilimwambia wifi yote, hata shati. Nilitaka anitukane, ningepumua. Hakunitukana. Alisema mimi amenisikia, ila anayemngoja si mimi, anamngoja yule aliyeoa mtu akaamini shati. Kisha akaniuliza kama Baba anasikia redio. Nikamwambia imekatika. Akauliza ilikatika ghafla au ilififia, nikasema ghafla, akaniambia nitazame waya wa spika ndani ya plastiki yake pale unapopinda, umekatikia humo bila kuonekana. Alinisindikiza hadi barabarani na kunisihi jambo moja tu, Baba asiambiwe sababu ya yeye kuondoka, atajiona ndiye aliyevunja nyumba ya mwanawe. Umeona, hadi sasa anasitiri aibu za watu.

Waya ulikuwa umekatika palepale. Nimeuunga. Kiungo changu ni bonge kama kawaida, lakini kinashika, na Baba anasikiliza habari. Taarifa ikiisha huniuliza mama wa mkwewe anaendeleaje, nami namwambia anaendelea vizuri.

Ndani ya bahasha nimetia ukurasa mmoja wa daftari, utazame mwandiko. Usimpigie simu, simu umeshampigia. Omba ruhusa, uende mwenyewe. Baba anakusalimu, anasema ule kwa wakati, na ukija upitie kumchukua mwenzio, kwani mgonjwa atakuwa ameshapona.

Ni mimi dada yako mkubwa,
ambaye hakumwona mtu yeyote mlango wa uani.