Miguu ya Kinyanjui

Buruburu, 4 Februari 1979

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila mjukuu wako Kinyanjui, mwenye jina lako. Ana miaka minne, anatembea akiyumba, na ikifika jioni analia nyonga. Daktari amempiga eksirei: vichwa vya mifupa ya nyonga zote mbili vimebonyea. Anasema kama ugonjwa ni wa ukoo, mazoezi yatatosha. Kama sio, atamfunga plasta mwaka mzima. Mimi pia nyonga huniuma, lakini nina mimba, siwezi kupigwa picha. Najua zako zilivunjwa na Wazungu katika kambi ya kizuizini wakati wa Emajensi. Hata hivyo daktari anaomba upigwe eksirei hapo Murang'a kabla ya tarehe ishirini na sita, siku atakayoamua. Tafadhali, Baba.

Mwanao,
Wakiuru

Kangema, 15 Februari 1979

Kwa binti yangu,

Hatujambo, ng'ombe amezaa. Lakini barua yako imeniudhi. Kijiji kizima kinajua walionivunja, ndiyo maana hata kanisani napewa kiti cha mbele. Katika ukoo wetu hakuna viwete. Uliza katika ukoo wa mume wako. Huyo mtoto ni mvivu kama ulivyokuwa wewe.

Baba yako

Buruburu, 27 Februari 1979

Baba,

Safari hii sikuulizi hali. Jana Kinyanjui alifungwa plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni. Alilia mpaka sauti ikakauka. Leo shangazi, dada yako, amekuja kumwona. Anasema alikuchungia mbuzi kwa sababu ulishindwa kuwafuata, ukiwa na miaka mitano. Mitano! Kambi ilikuwa wapi wakati huo? Na mimi ulinichapa nilipolia nyonga, kumbe ulijua! Mtoto ananiuliza amekosa nini. Nimjibu nini? Daktari bado anataka hiyo picha.

Wakiuru

Kangema, 30 Machi 1979

Wakiuru,

Picha ni hiyo, mpe daktari leo leo. Mpiga eksirei alisema nyonga hizi hazijavunjika kamwe. Alisema mbele ya watu.

Kambini walinipiga, mtu asikwambie ni uongo. Lakini niliingia nikichechemea. Nilipotoka watu wakadhani ni kipigo, nikanyamaza, kwa sababu tangu nizaliwe nilikuwa nachekwa. Wewe nilikuchapa kwa sababu ulitembea kama mimi, nikaona haya. Mwambie mtoto hakukosa. Aliyekosa ni mimi.

Baba yako

Buruburu, 9 Aprili 1979

Baba,

Daktari amekubali ni ugonjwa wa ukoo, plasta imekatwa. Viungo vimekaza na miguu imekonda, anasimama kwa kushika kitanda. Daktari alitundika picha yako na yake pamoja, nami sikuona tofauti isipokuwa ukubwa. Niliziangalia nikalia, kisha hasira ikanirudia.

Usije kwanza. Nitakapoweza kukuona bila kukutukana, nitakuita.

Mwanao,
Wakiuru