Jina Lililotajwa Mezani

Reno, 4 Machi

Mwanangu Corinne,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mimi nipo, goti tu ndilo linanisumbua.

Usinicheke. Najifunza poka, ule mchezo wa karata wa kamari, ile ya kukaa mezani na watu. Jana mchana niliingia ukumbi wa kamari na dola arobaini. Wachezaji wote huchezea vidoleni vile visahani vya plastiki vya kuwekea dau, ukifumba macho mlio wake ni kama manyunyu juu ya bati. Nilijiona nimeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine. Nikatupa karata, yaani kujitoa, kabla ya zamu yangu. Mgawaji wa karata, binti anayeitwa Marisol, akaniambia taratibu, "Babu, hatukimbii popote. Subiri ikufikie."

Baba yako

Duluth, 15 Machi

Baba,

Salamu. Sisi wazima. Mama hajamaliza miezi minane kaburini, nawe uko kwenye kamari. Simu zangu hupokei. Sina la kuongeza.

Mwanao

Reno, 20 Juni

Mwanangu,

Natumaini mnaendelea vyema, ingawa umeninyamazia.

Juzi nilishika karata nzuri, malkia wawili. Nikapandisha dau. Wote wakatupa karata, akabaki dereva wa malori anayeitwa Dwight. Akanitazama mpaka ukumbi ukawa kama umezama majini, sauti zote ziko mbali.

"Mzee, una nini hapo?"

"Nina mke aliyekufa," nikasema. Sijui lilitoka wapi.

Hakuna aliyecheka. Dwight akatupa karata zake. "Wangu katimiza mwaka," akasema. "Wako aliitwa nani?"

Nikasema, "Lucille." Tangu mazishi sikuwahi kulitamka jina hilo. Simu zako sikupokea kwa kuogopa kwamba utamtaja.

Baba yako

Duluth, 2 Julai

Baba yangu mpenzi,

Habari za huko, na goti? Barua yako nimeisomea pale pale kwenye sanduku la posta, nimesimama juani. Nilidhani unamsahau. Kumbe hata mimi nyumbani simtaji, na watoto wameacha kuuliza.

Leo wakati wa kula nikawaambia bibi yao alikuwa fundi wa kupiga mluzi. Mdogo akauliza, "Alipigaje?" Nikajaribu, ikatoka hewa tupu. Tukacheka, kisha nikalia, nao wakaja kunikumbatia wakiwa bado na vijiko mkononi.

Tunakuja Alhamisi, sote watatu. Wanataka uwasimulie yote ya bibi yao, hata ukali wake.

Binti yako