Picha za Alhamisi

Korogwe, 2 Desemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuuma na mama anaendelea vizuri. Mimi mzima, ila kutengeneza simu za watu mchana kutwa kunachosha macho.

Mzigo nimempa kondakta aufikishe dukani kwa Mbwana, Chanika ya hapo Handeni. Ndani ya boksi la plastiki mna kompyuta ndogo, bodi moja tu isiyozidi kiganja, kamera yake, modemu yenye laini ya simu, na betri niliyoinunua Segera. Paneli ya sola iko kwenye gunia. Nyaya nimeshaziunganisha. Wewe funga boksi kwenye nguzo juu ya ukingo wa lambo, kamera itazame maji. Kila nusu saa itaamka, itapiga picha, itanitumia, kisha itajizima ili betri isiishe. Nami nitakutumia ujumbe: maji yapo, au hayapo. Hutaswaga tena ng'ombe mwendo wa saa tatu kufuata tope.

Mwanao,
Naitoi

Handeni, 17 Desemba 2024

Takwenya, mwanangu. Mama yako hajambo, anakusalimu. Mguu ni uleule.

Kitu chako kimesimama. Jirani yetu Kuntai alinichimbia shimo la nguzo, maana sururu siku hizi inanizidi. Uliponiambia picha hazionekani, lilikuwa vumbi kwenye kamera. Sasa nafuta kila nikifika. Sisimizi walishaanza kuingia pale waya unapopita, nimepaziba kwa nta.

Mwanaidi, yule mjane mwenye mahindi kandokando ya lambo, aliuliza kama kitu hiki kinamtazama yeye. Nikamwambia kinatazama maji tu. Mahindi yake anayamwagilia kwa ndoo, asubuhi na jioni, peke yake.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya neno moja. Maneno marefu nayataka kwenye karatasi. Kaka zako bado ni walinzi huko Dar, ng'ombe nachunga mwenyewe.

Baba yako,
Saning'o

Handeni, 20 Januari 2025

Naitoi mwanangu, hujambo? Sisi tupo.

Ujumbe wako wa maji unafika. Lambo limebaki robo.

Alhamisi ng'ombe waliingia kwa Mwanaidi wakala mahindi karibu yote. Mwenyekiti wa kijiji akatuita wote tuliopeleka mifugo siku ile. Nikasema mimi nilikuwa upande wa pili na ng'ombe wangu, na niliowaona wakitoka shambani ni wa Kuntai. Kuntai alinigeukia. Aliniangalia tu. Ametakiwa kulipa.

Usihangaike na haya. Wewe endelea na maji.

Baba yako

Korogwe, 25 Januari 2025

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Mimi afya ninayo.

Picha huwa naziangalia haraka, maji yamefika wapi, basi. Baada ya barua yako nilizirudia za Alhamisi. Saa nne umekaa ukingoni, ng'ombe wanakunywa. Saa nne na nusu umelala, shuka usoni. Saa tano bado umelala, na yule dume wetu mwenye baka jeupe anavuka ua wa Mwanaidi, wenzake nyuma yake. Saa tano na nusu umesimama katikati ya mahindi na fimbo mkononi. Ng'ombe wa Kuntai hawamo katika picha hata moja.

Sikuandikii kukuhukumu, Baba. Ile ya saa tano niliitazama muda mrefu. Nilidhani kamera itakupunguzia uchovu, kumbe ulishachoka siku nyingi nami sikuona.

Sijamwonyesha mtu. Sijafuta pia, na nakuomba usiniambie nifute.

Mwanao,
Naitoi

Handeni, 16 Februari 2025

Takwenya, Naitoi. Mama yako mzima. Najua nimechelewa kujibu.

Siku za mwanzo nilikukasirikia, wewe na kiboksi chako. Nilikwenda lamboni na panga nikakiangushe. Nilipofika nikasimama, nikafuta vumbi, nikarudi nyumbani.

Jumapili moja nikaenda kwa Mwanaidi. Alikuwa anang'oa mabua. Nikamwambia, "Ni ng'ombe wangu. Nililala."

Akasema, "Najua, mzee. Nyayo zako zilikuwa shambani. Nilimwambia mwenyekiti, akasema neno la mzee Saning'o linatosha."

Mwanangu, hilo ndilo lililonivunja. Kesho yake nilisema mbele ya mwenyekiti na watu wote. Wa rika langu walitazama chini. Mwanaidi nimempelekea mtamba, amempokea. Kuntai amefutiwa malipo.

Kisha nilikwenda kwake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kigoda hakunipa. Nilipomaliza alisema, "Nimesikia," akaingia ndani.

Ng'ombe nimewapunguza. Nimebaki na wale ninaoweza kuwachunga bila kulala. Mama yako anasema ningefanya hivyo tangu mwaka juzi, na ni kweli, ila mtu hukubali kuwa mzee mguu mmoja mmoja.

Nikimkuta Kuntai kwenye maji namsalimu. Bado haitikii, anageukia ng'ombe wake. Kesho tunanywesha siku moja, yeye na mimi. Nitamsalimu tena.

Baba yako,
Saning'o