Kivuli cha Tangi na Kikopo cha Dada

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla hujanisaidia ni vizuri ujue unamsaidia nani, maana si kila siku meza yako inapata barua ya mtu wa kiwango changu. Mimi ni fundi mizani. Nikikohoa, bei ya sukari inatetemeka. Hakuna duka, ghala wala bucha kuanzia kwetu hadi lami inapoishia ambako mizani haijapita mikononi mwangu, na ule mwaka niliougua homa watu walirudi kupima maharage kwa viganja, wakagombana, wakapelekana polisi, na polisi wenyewe wakauliza, fundi amepona? Shule niliiacha mapema, sikatai, lakini si kwamba ilinishinda, niliiona inanichelewesha.

Sasa kwa kuwa kazi yangu ni ya kusafiri, nikawa na mchezo wangu wa safarini, nao ni wa kutafuta vikopo, na humo ndani ya mchezo huo mimi naitwa Mwewe, na ukimtaja Mwewe kwa wachezaji wenzangu watakaa vizuri kwenye viti. Kwa wasioujua, ni hivi: mtu anachonga muhuri wake mwenyewe kwa kifutio cha shule, anautia pamoja na kidaftari ndani ya kikopo kisichoingiza maji, anakificha mahali ambapo watu wanapita kila siku bila kuona, kisha anatoa dokezo, maneno mawili matatu ya kufumba. Ukikipata, unagonga muhuri wake kwenye daftari lako, unagonga na wako kwenye daftari lake, ili ajue mgeni amefika, halafu unakirudisha palepale. Hakuna zawadi. Mke wangu aliposikia hakuna zawadi aliniuliza kama nimegongwa na jiwe la ratili kichwani.

Aliyeniingiza humo ni dada yangu mkubwa, mstaafu wa chumba cha kufulia nguo pale hospitali kubwa, aliyepiga pasi mashuka ya wagonjwa mpaka kiganja kikawa na rangi yake peke yake. Muhuri wake ni pasi, na wachezaji wanamwita Mama wa Pasi. Kikopo chake alikificha nyuma ya chumba kilekile cha kufulia, na dokezo lake nalijua kwa moyo:

Zinapoanikwa nyeupe, simama;
ukuta ukikohoa mvuke, inama;
jiwe lenye shavu moja, sukuma.

Watu walitoka mbali kukitafuta, wengine wamekuja kumwona mgonjwa wao tu, wakaondoka wamegonga muhuri na roho imepoa kidogo. Miaka yote hiyo dada hajawahi kukifungua. Anasema mwenye nyumba hachungulii wageni wanapokula, akizeeka atakaa chini siku moja awasome wote kwa mpigo.

Basi, kiangazi kilichopita nilikuwa hospitalini hapo natengeneza mizani ya kupimia watoto, na ilipofika saa ya chakula, wapishi wanagonga masufuria, jua liko utosini, nikakutana na bwana mmoja na mkewe wenye mabegi mgongoni wakiwa wameshakipata kikopo cha dada. Yule mama akasema, "Kizuri, ila kimekuwa rahisi." Mshauri, neno rahisi liliniingia kama mwiba, maana nilikuwa nimeshawaeleza mimi ni nani, nimeshawaonyesha muhuri wangu wa mwewe, na yule bwana alikuwa ameuliza, "Huyu ni kuku wa mayai?" Nikawaambia, "Ngojeni muone kazi ya fundi." Walipokwenda zao nikakichukua kikopo, nikatazama huku na huku, nikaona tangi la maji la hospitali limesimama juu ya miguu yake ya chuma, na kivuli cha kichwa chake kimelala kwenye ule uwanja wa vigae vya saruji. Nikatafuta kigae kinachocheza hapo kichwa kilipolala, nikakiinua, nikakiweka kikopo, nikafunika. Halafu nikaandika kwenye kundi letu la simu dokezo jipya, "Tangi linapolaza kichwa, ndipo mto wake ulipo." Nilijisifu njia nzima. Niliona nimempandisha dada cheo.

Dada hakulisoma, maana kusoma kwenye simu alikuwa ameshaacha, herufi zinamkimbia. Ana presha ya macho. Mimi nilidhani ni miwani tu.

Wiki tatu baadaye watu wakaanza kulalamika kundini, mmoja akasema dokezo la Mwewe linahitaji mganga, mimi nikawajibu waongeze akili. Sikuwa na wasiwasi. Mpaka dada aliponiita nyumbani kwake, akanikalisha, akanishika mkono akiutafuta kwanza kwenye kiti, akasema, "Mdogo wangu, daktari ameniambia kilichoharibika hakirudi, na hiki kidogo kilichobaki kinakwenda. Sitaki kukimalizia kwenye ukuta wa sebule. Nipeleke kwenye kikopo changu niwaone wageni wangu."

Nikasema, "Dada, kwa Mwewe hilo ni neno?"

Kesho yake jioni, nilipofunga kazi, nikaenda peke yangu kukitazama kwanza. Mshauri, sijui kama wamelihamisha lile tangi. Kivuli kilikuwa kirefu, kimevuka vigae vyote, kichwa kimepanda juu ya ukuta wa chumba cha jenereta! Vigae vyenyewe vinafanana kama mayai, na karibu nusu yake vinacheza. Nikaanza kuinua kimoja kimoja upande huo wa jenereta. Nimerudi tena na tena, kila jioni baada ya kazi, mpaka mlinzi akanijia na rungu.

"Mzee, umepoteza nini?"

"Nakagua vigae," nikamwambia. "Uzito wake."

"Vya hapa au vya nchi nzima?"

Nikasema naanzia hapa. Sasa amenipiga marufuku kuonekana uwanjani mpaka nije na barua au na mgonjwa.

Dada akauliza lini. Nikamwambia barabara imeharibika. Wiki iliyofuata nikasema mvua. Wiki iliyofuata nikasema nina kazi nyingi za mizani, akasema kwenye simu, "Mizani ya dunia nzima imeugua mwezi mmoja na macho yangu?" Nikakata simu nikisingizia mtandao, mimi niliyewahi kubishana na hakimu mpaka akaahirisha kesi akanywe maji.

Ndipo likaja wazo ambalo ndilo linanifanya nikuandikie. Nikanunua kikopo kingine na daftari jingine, nikalichakaza kwa majani ya chai, nikanunua vifutio, vilipoisha nikaingia kwenye viazi, nikaanza kuchonga mihuri ya wageni ambao hawapo, samaki, kofia, baiskeli, ua, nikigonga na kuandika majina ya kubuni kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Nilisema moyoni, haoni vizuri, ataona rangi na maumbo, atafurahi, yataisha. Mke wangu akaingia jikoni akanikuta.

"Hivyo si viazi vya mchana?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, na ndicho kilichoniumiza, maana nimemzoea akinigombeza. Aliokota viazi vilivyobaki akaviosha, akasema, "Yeye anataka kuwaona watu kabla hajapofuka, wewe unampelekea viazi." Akawasha jiko.

Tangu hapo sijachonga, lakini kikopo cha uongo kipo tayari juu ya kabati, kimependeza, na Jumapili hii dada amesema haendi kanisani wala popote, atakaa mlangoni amevaa viatu mpaka nifike. Nikimwambia kweli, nitakuwa nimemnyang'anya wageni wake wote na pia huyo mdogo wake anayemsifia kwa majirani. Nikimpelekea kile cha uongo, atafurahi, nami nitajua. Mshauri, nifanye nini? Nisaidie haraka, na jina langu usiliandike, ingawa wengi watanitambua kwa umaarufu.

Na jambo moja dogo, si la muhimu, naliandika kwa sababu karatasi bado ina nafasi. Vile vikopo vyote nilivyovipata katika miji yote niliyopita, nilikuwa nikifika nampigia dada simu, namsomea dokezo, namweleza ninachokiona, naye ananiambia pa kuinama. Nilikuwa nasema, "Dada, hapa pana mawe mengi." Ananiuliza, "Lililokaa vibaya ni lipi?" Peke yangu sijawahi kupata hata kimoja.

Mimi, Mwewe.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Mwewe, pole. Nimecheka kwenye tangi, nikacheka kwenye mlinzi, nilipofika kwenye viatu mlangoni nikaweka kalamu chini. Unampenda dada yako, hilo halina ubishi. Mtu asiyependa hakeshi na viazi.

Sasa nikukaripie kidogo, maana umeomba mwenyewe. Kile kikopo kilichopendeza juu ya kabati, leo hii kitoe daftari, lichome, kikopo mpe mke wako atie chumvi. Wewe maisha yako yote ni kupita madukani kuhakikisha mnyonge hapunjwi kwenye mizani. Mtu akifunga jiwe chini ya sahani ya mizani kwa kuwa mteja haoni vizuri, unamwitaje? Jina hilohilo ndilo ungejiita kila ukimtazama dada yako. Tena unakosea ukidhani atapumbazwa. Aliyekunja mashuka miaka yote ile anajua karatasi ya jana na karatasi ya zamani kwa kidole gumba.

Na tangi halijahamishwa, baba. Kivuli ndicho kinachotembea. Uliweka kikopo saa ya chakula, unakitafuta jioni, halafu unashangaa kivuli hakikukusubiri! Siku hizo ulizopoteza upande wa jenereta ulikuwa unainua vigae visivyokuhusu. Jua likiwa utosini, kivuli cha kitu kirefu kinakaa karibu na miguu yake. Lakini hata hapo usikimbilie kwenda, kwa sababu jua la kiangazi na jua la sasa hayalingani, na kwa historia uliyonipa mwenyewe kwenye aya ya mwisho, ukienda peke yako utarudi na mlinzi.

Hiyo aya uliyosema si ya muhimu, ndiyo barua yako. Zilizobaki ni mapambo. Umemwona dada yako kama mtu aliyekaa gizani anasubiri kuletewa, kumbe huyo ndiye aliyekuwa akiona vikopo vya miji ambayo hajakanyaga, akiwa amekaa kwake, kwa kukusikiliza wewe tu. Macho yanamwacha, ndugu yangu. Huo uwezo haujamwacha. Na wewe, kwa kuogopa aibu, umemficha kweli mtafutaji pekee anayeweza kukitafuta kikopo chake.

Unaogopa atapoteza mdogo wake wa kusifiwa. Nani alikuambia anakusifia kwa kupata vikopo? Yeye ndiye aliyevipata. Labda anakusifia kwa kuwa ulikuwa unampigia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie kabla ya Jumapili, usimwambie uwanjani mbele ya watu. Mwambie umekihamisha, kwa nini, na kwamba umekipoteza. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, usimkatishe kwa hadithi ya hakimu. Akilia, kaa. Jumapili mchukue mapema, mpite kwa mlinzi, umwombe radhi kwa kumdanganya habari za uzito wa vigae, na umweleze mama huyu ni nani pale hospitalini. Mfike kabla ya saa ya chakula. Mwekee kiti karibu na tangi, yeye aulize, wewe uinue. Kikipatikana, mpe mkononi kikiwa kimefungwa, akifungue mwenyewe, na usimsomee kitu mpaka akuombe. Akishamaliza, kikopo kinarudi nyuma ya chumba cha kufulia, chini ya lile jiwe lenye shavu, na dokezo lake linarudi kundini neno kwa neno.

Kisipopatikana siku hiyo, sikuahidi kwamba kitapatikana, waandikie wenzako kundini uwaambie kweli, uwaombe kila aliyewahi kufika kwa Mama wa Pasi agonge tena muhuri wake, mkubwa, wino mzito, amletee. Wale ni wageni wa kweli na watakuja. Wasikie kwanza kwamba kosa ni lako, wala usiwaambie waongeze akili.

Ukimaliza kusoma hapa usikunje gazeti kwanza. Mpigie simu. Kiri, kisha msomee dokezo lako kama ulivyokuwa ukimsomea ya watu wengine, na akikuuliza kivuli hicho ulikiona saa ngapi, mjibu saa tu.