Oili Katika Kisima cha Baba

Fumba, Unguja
Mfungo Tano, 1971

Kaka yangu Simai,

Assalaamu alaykum. Shikamoo, kaka. Nnataraji barua hii itakufikia hapo Tanga wewe na wifi mkiwa wazima, na kile kikohozi chako kimekuachia usingizi. Sisi huku miili haijambo, alhamdulillahi, na mihogo imeshika vizuri. Lakini roho yangu inafuka moshi, kaka, na nisipokwandikia wewe uliyenilea baada ya baba, nimwandikie nani?

Kisima alichokichimba marehemu baba akakiweka wakfu kwa msikiti na majirani, kimeharibiwa. Unajua tuliwekewa pale mashine ya dizeli ya kuvuta maji. Siku ilipowashwa hata mimi nilipiga vigelegele, nikisema viganja vyetu vimepona kamba. Shemeji yako Pandu ndiye aliyepewa kazi ya kuiangalia, na nilijisifu nayo, Mungu anisamehe. Mashine ikizimwa jioni tunateka wenyewe kwa madebe yetu, kama zamani.

Masika yalipoanza, maji yakaanza kunuka, kidogo kidogo, kama taa iliyozimwa sasa hivi. Halafu juu yake pakawa na utando unaong'ara rangirangi. Chai ikawa haipiti kooni. Tulikwenda kwa Bwana Gharib, mwenyekiti wa kamati ya kisima, akatwambia tuache kudeka, watu wa Darajani mjini wanavuta moshi wa magari kutwa na hawalii, maendeleo yana harufu yake. Harufu yake! Na yeye maji ya kunywa analetewa kutoka Bweleo kwa baiskeli!

Katikati ya hayo, kama ulivyokwishapata habari, mkwe wangu Bi Wanu, mama yake Pandu, akafariki. Mimi na jirani yetu Kidawa ndio tuliomwosha. Tulichelewa kumtoa, wanaume wakanung'unika nje kwamba wanawake hata kwenye maiti hawaachi soga. Tukamaliza kumvika sanda.

Baada ya khitma kamati ikaita watu barazani kwa msikiti, nasi wanawake tukakaa ubavuni. Gharib akaanza kwa kusema kwamba kosa limejulikana, ni madebe yetu, maana yalikuwa ya mafuta ya taa kabla ya kuwa ya maji. Kaka, madebe yale tumeyasugua kwa mchanga na majivu, tukayatumia miaka, hakuna mtu aliyelalamika! Sasa ikapitishwa kwamba mwanamke asiteke mpaka anunue ndoo mpya, katika mji huu ambao hata sukari ni ya foleni. Jaku, mpenda mizaha, na mdomo wake ule, akachomekea kwamba tukinyimwa kisima tutanuna wiki, tukinyimwa kanga ndiyo tutahama. Wakacheka.

Aliyetutetea ni Msabah, kijana aliyerudi kutoka Ujerumani alikokwenda kusomea mashine. Aliomba ruhusa kwa adabu, akasema linalonuka si debe, ni oili. Akaeleza kwamba huko alikokuwa kuna miji nguo nyeupe ikianikwa asubuhi huanuliwa ya kijivu kwa moshi wa makaa ya mawe, na mito yake samaki wanaelea matumbo juu. Akasema wako wataalamu wanaohofu kwamba moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima utaifunika mbingu, ardhi ipate joto kama chungu chenye kifuniko. Gharib akamjibu kwamba joto ni la Mungu, na dunia ni kubwa, tone la Fumba litaifanya nini. Msabah akasema kila tone lina Fumba yake lilikotoka. Akataja mashine za upepo, zenye mabawa ya bati, zinazovuta maji bila ya mafuta hata kidogo. Jaku akamuuliza upepo ukilala atamtuma nani akauamshe. Msabah akamwambia dizeli nayo hulala kila meli ikichelewa, na hapo tunazirudia kamba zetu zile zile. Safari hii waliocheka ni wanawake.

Ndipo Gharib akamwita Pandu athibitishe. Naye akasimama, kaka, akaapa kwamba mashine yake ni safi kama yai, na akatunyooshea kidole, akasema ni madebe.

Hapa ndipo penye neno. Siku iliyofuata mazishi nilimpelekea Pandu chakula kwenye kibanda cha mashine, nikaona nyuma yake shimo alilolichimba la kumwagia oili chafu. Lilikuwa limejaa mvua, linafurika jeusi kuelekea kisimani. Nilipomuuliza alinambia amemwomba Gharib pipa tangu Ramadhani, amejibiwa angoje, na kwamba mimi nikisema, kazi yake itaondoka. Nikamsihi aseme mwenyewe. Nilikuwa nikimngojea aseme. Aliposema ni madebe, nikasimama mbele za watu wote nikalitaja shimo, na pipa nikalitaja. Wakaenda kutazama. Jaku alitia bakora yake ikatoka nyeusi mpaka kwenye mkono wake.

Mashine imezimwa, kisima kinakombwa. Gharib bado ni mwenyekiti! Pandu ndiye aliyeachishwa kazi. Amehamia mjini kwa nduguye Bakar, na ameleta salamu kwamba atakuja kwako kunishitaki, ama nimwombe radhi mbele ya wazee, ama aniache. Kwa kumfedhehesha hadharani nitamwomba radhi, hata leo. Kwa kusema kweli, hapana.

Lakini liko jambo sikulisema barazani, wala Pandu halijui. Mwosha maiti hafichui ya kwenye kitanda cha kuoshea, nami nalisema kwako tu. Bi Wanu tulianza kumwosha kwa maji ya kisimani. Tulipoyapasha moto harufu ikapanda, tukadhani kafuri imeharibika, tukaongeza kafuri, tukafukiza na udi. Kisha Kidawa akauona ule utando kifuani pake, akaiweka kata chini akalia. Maji yaliyobadilika harufu hayafai kwa josho, na aliyetufundisha hayo katika chuo cha Kurani ni Bi Wanu mwenyewe. Tukaanza upya kwa maji ya mvua ya mtungini kwa Kidawa. Ndiyo sababu tulichelewa.

Pandu akija, mpokee, mpe chakula, msikilize mpaka amalize. Halafu mwambie wewe habari ya josho la mama yake. Nikimwambia mimi atadhani nalipiza, na asipoambiwa atapewa mashine nyingine, achimbe shimo jingine.

Msalimie wifi na watoto wote. Kidawa anakusalimu. Tuombee dua, nasi tunakuombea.

Nduguyo akupendaye,
Mwanakheri