Doa Kwenye Gauni la Uchumba

Suhaila! Acha hayo mapishi usome. Kinyaa nilichonacho, natamani nioge upya.

Unalijua lile gauni langu la uchumba, nililolishona Ramadhani nzima, shingo yote kwa sindano ya mkono.

Mama yake Azmi kaja na ndugu zake kunivisha pete. Kaketi mbele yangu, kalisifia weee! "Mwanangu, fundi wako nani? Ana mikono ya dhahabu huyo!"

Mimi na ujinga wangu nikajibu, "Nimeshona mwenyewe, mama."

Uso ukambadilika palepale. "Mwenyewe? Ndiyo maana bega limekwenda upande."

Bega lilelile, shoga! La mikono ya dhahabu!

Halafu sikia uchafu huu. Katoka kuonja nyama ya rendang, vidole vinang'aa mafuta, akalishika pindo akalifunua mbele za watu, eti akague mshono kwa ndani. Shimizi yangu nje! Dada zake wanachungulia kama wanachagua samaki.

"Baba yako kakosa hata hela ya fundi?" Na baba yupo pale, kainamisha kichwa.

Ndipo akasema, "Haya, lete kidole."

Nikakunja ngumi. Pete haikuingia.

Sasa nimejifungia chumbani, mama anagonga mlango. Na Azmi, aliyebaki kwao kama desturi inavyotaka, kaniandikia nini? "Si ungesema tu ni la fundi?"

Suhaila, doa la mama yake litatoka kwa sabuni. Hili la mwanawe silifui.